Theluji Niliyoizoea kwa Macho

Mtu wa kwanza kunicheka kwenye theluji alikuwa na umri wa miaka minne, mitano akizidi sana. Alinipita na helmeti kubwa kuliko kichwa chake, hana hata fimbo mkononi, akageuka kunitazama nilivyolala chali, skii moja, vile vibao virefu vya kuteleza kwenye theluji, imeelekea Bern na nyingine Italia. Akacheka kwa sauti, akateremka zake.

Na mimi nimezaliwa Marangu! Theluji niliiona kila asubuhi nikienda kuchota maji, juu kule Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabla mawingu hayajaifunika kwenye saa tatu. Mtu akiniuliza theluji ikoje nilimshangaa, kama vile ameniuliza ndizi zikoje. Sasa nimelala ndani yake, inaniingia shingoni na kuyeyukia mgongoni, nikagundua kwamba miaka yote ile nilikuwa naijua kwa macho tu.

Baba yangu alikuwa mgumu. Ndivyo wanavyoitana wapagazi wa Kilimanjaro, wagumu. Alibeba mizigo ya wageni zaidi ya miaka ishirini, kambi ya Mandara, ya Horombo, ya Kibo, kisha kushuka na kuanza upya. Ila mgumu kazi yake kwa kawaida inaishia kambi ya mwisho. Kileleni anakwenda mgeni na mwongozaji. Kwa hiyo hata yeye hakutuletea hadithi za theluji. Alituletea soksi nene za wazungu na magoti yanayouma.

Wazo la safari halikuwa langu. Mume wangu ni mtu wa Tanga, kwao baridi ni ile ya mwezi wa saba, watu wanapojifunika kanga mbili. Lakini tumeishi Freiburg, kusini mwa Ujerumani, miaka sita, na kila Februari wenzake kazini wanapotea wiki nzima kisha wanarudi nyuso zimeungua na jua, wanasimulia milima. Safari hii akasema na sisi twende. Mlima wa Feldberg upo pua na mdomo na kwetu, na una theluji na skii zake, ila yeye alishaamua: kama ni kuanguka, bora tukaanguke mahali penye jina. Watoto tukamwachia mdogo wangu, tukapanda treni kwenda Grindelwald, Uswisi.

Hadi Interlaken mambo yalikwenda vizuri. Pale unabadili, unapanda treni ndogo ya mlimani, na treni hiyo ina siri yake: ikifika kituo kinachoitwa Zweilütschinen inakatwa vipande viwili, kimoja kinakwenda Grindelwald, kingine Lauterbrunnen. Imeandikwa kwenye mabehewa, imetangazwa kwa lugha tatu. Sisi tulikuwa tunagombania nani amesahau chaja. Tulipoinua macho tukaona maporomoko marefu ya maji yakishuka ukutani mwa mlima, kando yake yameganda kama nta ya mshumaa. Ni Staubbach, karibu mita 300 kwenda juu, na yapo Lauterbrunnen. Mume wangu akasema, "Mama watoto, angalia uzuri huo." Nikamwambia, "Baba watoto, tumepotea." Tukarudi tulikotoka, na kwa kweli sijutii.

Grindelwald ipo kwenye mita 1,034, chini kuliko geti la Marangu, lakini juu yake imesimama Eiger, mita 3,967, na upande wake wa kaskazini ni ukuta mtupu, mweusi, mwinuko kiasi kwamba hata theluji inashindwa kukaa. Watu walijaribu kuupanda, wakafia humo, mpaka Julai 1938 ndipo wanaume wanne, Wajerumani wawili na Waaustria wawili, walipoumaliza. Na ndani ya mwamba huohuo inapita reli, iliyoanza kuchimbwa 1896 na kufika Jungfraujoch mwaka 1912, kwenye mita 3,454. Tuliangalia bei ya tiketi ya kufika huko juu. Tukaangaliana. Tukaenda kununua mkate.

Kesho yake asubuhi tukaingia duka la kukodisha skii. Kijana akaniuliza urefu, umri, uzito. Niliutaja kwa sauti ya chini, nikidhani ananichokoza, kumbe ni kazi yake: kibano kinachoshika kiatu kwenye skii hukazwa kufuatana na uzito wako. Ukianguka vibaya kinatakiwa kifunguke kabla mguu haujavunjika. Kikikazwa mno, mguu unakwenda. Kikilegezwa mno, skii inachomoka yenyewe njiani. Ikafika zamu ya mume wangu. "Kilo 78," akasema, kifua mbele. Mimi ndiye ninayempikia, lakini nilinyamaza.

Viatu vya skii ni adhabu inayojitegemea. Ni vya plastiki ngumu, vina vifungo vya chuma vinne, na vinakushika kifundo kiasi kwamba huwezi kusimama wima. Lazima upige goti kidogo na kuegemea mbele kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mtu anayevitembelea kwa mara ya kwanza hutembea kama bata aliyevimbiwa. Tulivuka barabara hivyo, skii begani, hadi Bodmi, kiwanja cha wanaoanza, tukakuta wenzetu darasani wengi ni wa chekechea.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, uso umekauka kwa jua. Somo lake lote lilikuwa neno moja: pitsa. Unazikutanisha ncha za mbele za skii na kuzitanua nyuma, ziwe kama kipande cha pitsa, zinakwaruza theluji na unapunguza mwendo. Ukizinyoosha sambamba, unakwenda. Rahisi kabisa kulieleza. Tatizo ni kwamba mwili ukiogopa unarudi nyuma, kila mtu anafanya hivyo bila kufundishwa, na ukishaegemea nyuma, skii zinakukimbia na pitsa inakataa. Usalama upo mbele, kule kule unakokuogopa. Nililijua hilo kichwani baada ya dakika kumi. Magoti yalihitaji siku mbili.

Mume wangu, ambaye wiki tatu nzima alikuwa anatazama video usiku, aliondoka vizuri mno. Akateremka, mikono imetanda, mimi nikaanza kuona wivu. Halafu skii ya kushoto ikabaki njiani, yeye akaendelea na mguu mmoja hadi kwenye wavu. Akavaa tena, ikachomoka tena. Mara ya nne mwalimu akamjia, akainama kutazama kibano, akamuuliza kwa upole wa daktari, "Una hakika na kilo zako?" Mchana tulirudi dukani. Sikuingia naye, nilisimama nje nikisoma tangazo la lugha nisiyoijua vizuri, nimeuma glavu nisicheke. Alitoka akasema tu, "Wamekaza." Hatujalizungumza tena.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na picha za zamani ukutani, na mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu, alituonyesha moja. Grindelwald huitwa kijiji cha barafu, kwa sababu katikati ya karne ya 19 ulimi wa barafu ya mlimani ulishuka hadi bondeni, karibu na mashamba. Leo umejikunja juu ndani ya korongo, kutoka kijijini huuoni vizuri. Akaniuliza, na kwenu? Nikamwambia zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha. Alitikisa kichwa, akaenda jikoni, akarudi na chai ambayo hatukuwa tumeiagiza.

Jioni hiyo pia tulijifunza kuuliza kabla ya kula. Fondue, jibini lililoyeyushwa ambalo kila mgeni anaambiwa lazima alionje, hupikwa kwa mvinyo mweupe, na mume wangu hagusi. Mhudumu akatuletea raclette badala yake: jibini linayeyushwa, linamiminiwa juu ya viazi vya kuchemsha na maganda yake, pembeni matango ya siki. Linanuka kama viatu vya mwanajeshi. Tulikula sahani tatu.

Siku ya tatu ukapiga upepo wa Föhn, ule wa joto unaoshuka kutoka upande wa kusini, mabehewa ya kebo yakasimamishwa na theluji ya vichochoroni ikawa uji. Tulilala, ndiyo kusema.

Ya nne kulipambazuka kweupe, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, hakuna wingu. Tulikuwa tumeshaangalia taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, inayotolewa kwa daraja tano, na siku hiyo kwa njia yetu ilikuwa ndogo. Mpango ulikuwa huu: kupanda kwa kebo hadi kituo cha First, mita 2,168, kutembea kwa miguu hadi kilele cha Faulhorn, mita 2,681, kisha kushuka kwa sleji hadi kijijini, kilomita 15. Kwenye vijarida hawasisitizi jambo moja. Sleji haikusubiri juu. Unaivuta mwenyewe.

Basi tukavuta. Sleji ni ya mbao, kiti cha vipande vipande, chini ina reli mbili za chuma, na kamba. Njia ya miguu ya majira ya baridi huwekewa alama za waridi, theluji yake imeshindiliwa kwa mashine, na kwa baridi ile ilikuwa inalia chini ya viatu, kwichi, kwichi, kama mtu anafinya mfuko wa unga wa muhogo. Hiyo ya muhogo ni ya mume wangu, nami naikubali. Nilivua glavu moja nikachota kiganjani. Punje moja moja zilikuwa na ncha sita, zimechongwa, safi kabisa, zikakaa nikizitazama labda sekunde nne, halafu maji.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro kwa mbali, aliandika kwamba mwongozaji wake aliuita "baridi" tu. Huko Uingereza wapo waliokataa kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Shuleni hadithi hii tulifundishwa ili tumcheke mwongozaji. Nikiwa nimesimama pale na kiganja kinachouma, naona alikuwa ametaja kila alichohitaji kukijua.

Ziwa la Bachalpsee halikuonekana, lilikuwa uwanja mweupe tu chini ya theluji. Baada ya hapo njia inainuka. Mume wangu aliyeanza kwa kasi akasimama, akakaa kwenye sleji yake, akasema anapiga picha. Akapiga picha nyingi sana. Mimi nilikuwa nimefunga kamba kiunoni, mikono huru, hatua fupi, pumzi puani. Sijui nilijifunza lini. Nilimpita nikamwambia neno ambalo baba yangu amewaambia maelfu ya wageni, "Pole pole." Akanijibu kitu cha Kidigo ambacho sikitafsiri.

Faulhorn kuna hoteli ya kale, ya miaka ya 1830, majira ya baridi hufungwa. Tulikaa barazani kwenye jua, tukala mkate na mayai. Mbele yetu wamepangana watatu: Eiger, Mönch, Jungfrau. Mönch ni mtawa, Jungfrau ni mwanamwali, na wenyeji hutania kwamba mtawa amewekwa katikati kumlinda binti dhidi ya Eiger. Nikamsimulia mume wangu ya kwetu, Mawenzi aliyekwenda kila mara kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka akampiga mchi, ndiyo maana kichwa cha Mawenzi kimechongoka vile hadi leo. Akaniuliza, "Kumbe milima yote ni majirani wagomvi?" Upande wa pili, chini kabisa, maziwa ya Thun na Brienz yalikuwa ya buluu, bila theluji, kama nchi nyingine.

Kushuka sitakusimulia kirefu, kwa sababu macho nilikuwa nimeyafumba nusu ya njia. Breki ni nyayo zako mbili, ukitaka kushoto unakandamiza mguu wa kushoto, na theluji yote unayoikwangua inarudi usoni. Mume wangu, aliyefedheheka kupanda, alilipiza huko. Uzito wake wote, ule wa kweli, ulimfaa. Nilimkuta chini ananisubiri, kope zimeganda, anacheka kama mtoto wa Bodmi.

Usiku nikampigia baba Marangu, nikamtumia na picha: mimi, kamba kiunoni, sleji nyuma, mlima mzima mweupe. Aliitazama muda mrefu, nikisikia pumzi yake.

"Mzigo mlibebewa na nani?"

"Nilivuta mwenyewe, baba."

"Kilo ngapi?"

Nikafikiri kidogo. "Kama sita hivi."

Kimya. Halafu nikamsikia amegeukia pembeni anamwambia mama, "Anasema kilo sita." Na wote wawili wakaangua kicheko, wakacheka mpaka salio likaisha.