Marahaba Kabla ya Shikamoo

Ijumaa, jioni

Leo asubuhi kijana wangu wa vizibo ameniambia, "Marahaba." Nimefika nyumbani, hata chai sijanywa, nimekaa kuandika kabla siku haijapita.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, Mbagala, Dar es Salaam. Nina watoto 83 katika chumba kimoja chenye mikeka minne. Kijana huyu aliletwa na bibi yake Januari, akiwa na miaka mitano. Nilimwamkia bibi, naye akamgeukia mjukuu. "Msalimie mwalimu." Kimya. "Sema shikamoo." Mtoto akajibu, "Sema shikamoo," kwa sauti ileile ya bibi, mpaka mkato wake. Wazazi waliokuwa kwenye foleni ya kuandikisha wakacheka, mmoja akasema mtoto huyu hakufunzwa adabu. Bibi akainamisha uso. Uso ule nimekaa nao mwaka mzima.

Kijana huyu ana usonji, yaani ubongo wake umekua kwa namna ya tofauti, na hilo linagusa mawasiliano na hisia zake. Kurudia maneno namna hii ni jambo la kawaida kwa watoto wengi wenye usonji. Daktari Leo Kanner, aliyeandika habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, alilitaja tangu wakati huo. Lakini karatasi tulizogawiwa semina zilitanguliza dalili nyingine: mtoto hakutazami machoni. Nikizisoma najiuliza ziliandikwa kwa ajili ya watoto wa wapi. Kwetu mtoto anayemkodolea macho mkubwa ndiye anayekaripiwa, na anayetazama chini husifiwa. Hilo halikumshtua mtu nyumbani kwao. Kilichowashtua ni salamu. Mtoto asiyeamkia wakubwa huonekana mtaa mzima, na lawama huenda kwa waliomlea.

Nami nilikosea, tena kwa miezi miwili. Kengele ya shule yetu ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwarobaini, karibu kabisa na dirisha langu. Kila ilipogongwa, mtoto alikimbia nje. Nilimfuata, nikamshika mkono kwa nguvu, nikamrudisha mkekani. Niliona namfundisha utaratibu. Kumbe sauti ile ilikuwa inamuumiza, na mimi nilikuwa namrudisha palepale penye maumivu.

Siku ya vizibo ndiyo mbaya zaidi. Tunahesabia vizibo vya soda, kama shule nyingi. Yeye alikuwa amevipanga mstari mrefu kutoka ukutani hadi mlangoni, vyekundu peke yake, vya rangi ya chungwa peke yake. Nikavikusanya kwa mikono yote miwili ili tuanze somo la hesabu. Alijing'ata mkono mpaka alama za meno zikabaki. Watoto wote walinyamaza. Sikuwa na la kumwambia.

Aliyenisaidia ni mwalimu mwenzangu aliyesomea elimu maalumu katika chuo cha Patandi, Arusha. Nilimwomba akae darasani kwangu asubuhi moja. Hakuandika chochote. Mwishoni akaniuliza swali moja: "Mwenzangu, hawa wengine wanajuaje kwamba sasa ni saa ya uji?" Nikafikiri. Wanasikia ndoo zikigongana, wanaona mama wa uji akipita, wanatazamana, wanajua. "Yeye hilo halimfikii," akasema. "Kwake kila kitu kinaanguka ghafla. Mwambie kabla."

Usiku huo nilikata boksi la sabuni vipande sita, nikachora: mstarini, hadithi, vizibo, uji, mchezo, nyumbani. Nikafunga kamba ukutani, nikavibana kwa vibanio vya nguo. Jambo likiisha, yeye mwenyewe anatoa kadi na kuitia kwenye kopo. Wiki ya kwanza hakuijali. Wiki ya pili nilimkuta amesimama mbele ya kamba kabla ya mstari, anagusa kadi moja moja kwa kidole. Wengine nao wakaanza kuitegemea. Mmoja mwenye kulia kila asubuhi kumtaka mama yake sasa anakwenda kutazama kadi ya nyumbani iko umbali gani, halafu anakaa.

Kengele ilitatuliwa na watoto. Kiranja wa darasa la sita anayegonga rimu hupita kwanza dirishani na kuinua mkono. Wawili walio karibu humgusa mwenzao begani, naye huziba masikio. Rimu inagongwa, anaachia, tunaendelea. Sikuwafundisha kumgusa taratibu. Waliona wenyewe kwamba akiguswa kwa ghafla anaruka. Bibi naye alitoa kwa wembe lebo ya shati la sare iliyokuwa ikimkera, na kule kuvuavua shati kukaisha.

Vizibo sasa ni kazi yake. Yeye ndiye mgawaji: kumi kwa kila kikundi, na hakosei hata kimoja. Asipokuja, hesabu inachelewa, na wenzake wanamuulizia. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa maana ya elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao. Kumwandikisha tulimwandikisha Januari. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya shule ya kawaida, na sera ya elimu ya mwaka 2014 ilifanya awali kuwa ya lazima. Jina lilikuwa kwenye rejista. Mtoto alikuwa chini ya dirisha, peke yake, anaogopa rimu.

Wapo wenzangu wanaosema apelekwe shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Walimu wa vitengo nawaheshimu sana, na kuna watoto wanaohitaji msaada ambao mimi siwezi kuutoa kwa darasa la watoto 83. Kwa huyu, nimeona anachohitaji, na sehemu kubwa yake ni boksi la sabuni. Mzigo ulionibakia ni idadi, na hilo silifichi: mwalimu mmoja hatoshi.

Mwezi wa saba bibi alinishika mkono pembeni ya geti. "Mwanangu, majirani wanasema binti yangu alimcheka mlemavu alipokuwa na mimba." Nikamwambia hapana, Bibi. Ubongo wa mtoto huyu ulianza kukua kwa namna yake angali tumboni, na mama yake hakufanya kosa. Nikamwambia pia kwamba miaka ya 1950 na 1960 hata wataalamu wa Marekani na Ulaya walimlaumu mama, wakidai hana upendo, na baadaye ikabainika si kweli. Alikaa kimya kidogo. "Basi hata wao," akasema.

Ndiyo leo, mlangoni. Bibi hakumwambia aseme chochote. Mtoto alinisogelea, akatazama vifungo vya gauni langu, akasema, "Marahaba." Kila asubuhi tunapokutana hilo ndilo neno analolisikia kinywani mwangu, kwa hiyo ndiyo salamu yangu mimi na yeye. Nikamwitikia, "Shikamoo." Bibi alicheka mpaka akashikilia mlango, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Januari anaingia darasa la kwanza: upande wa pili wa uwanja, mwalimu mwingine, madawati badala ya mikeka. Mwalimu mkuu amekubali kwamba kuanzia Jumatatu, wale wa darasa la kwanza wakienda kunywa uji, sisi wawili tukakae mle dakika kumi. Kadi ya dawati nimeshaichora. Iko hapa mezani, wino unakauka.