Msiba wa Nora katika chumba chetu cha Satwa

Nilirudi kazini saa tatu usiku, Jumatano ile ya Aprili 2025, miguu imevimba kwa kusimama tangu asubuhi mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka ya hoteli. Nilipofungua tu mlango nikajua kuna msiba. Wali uko jikoni haujaguswa, taa kubwa imezimwa, na wenzangu wanne Wafilipino wamekaa chini, simu imeegeshwa kwenye gunia la mchele. Ate analia bila kutoa sauti.

Kwa msiotufahamu: hapa Dubai tunaishi sita kwenye chumba kimoja mtaa wa Satwa, kila mtu na kitanda chake cha kupanga na pazia lake. Wafilipino wanne, mwenzetu mmoja wa Mombasa, na mimi wa Tanga. Ate maana yake dada mkubwa, na sote tunamwita hivyo, maana kwa umri ni kama mama zetu wadogo.

"Nani amefariki?" nikauliza polepole. Huku Ghuba swali hilo linatisha, kila mtu ana mzazi aliyemwacha mbali na tiketi asiyoweza kuikata usiku huohuo.

"Nora."

"Nora wa nani?"

Wakageuka wote wanne wakanitazama kama mtu aliyeuliza Nyerere ndiye nani.

Basi nikafundishwa. Nora Aunor, mwigizaji na mwimbaji, alizaliwa mwaka 1953 huko Iriga, mkoa wa Camarines Sur, kwenye familia ya kimaskini kweli. Utotoni aliuza maji ya kunywa kwa abiria kwenye kituo cha treni. Akaingia mashindano ya kuimba, akashinda, na sinema zikamchukua kutoka hapo. Ate alisimama katikati ya chumba kunionyesha urefu wake: mfupi, akaweka mkono begani kwake. Halafu akajishika ngozi ya mkono. "Mweusi kama mimi," akasema. Wakati ule nyota wa sinema za Ufilipino walikuwa warefu, weupe, wenye damu ya Kihispania au Kimarekani. Nora akaja na sura ya muuza maji, na wasichana wa kazi wa nchi nzima wakajiona wao kwenye kioo. Wakamwita Superstar, na mashabiki wake wana jina lao hadi leo, Noranians. Ate ni mmoja wao. Kabatini ana picha mbili, ya Bikira Maria na ya Nora. Miaka yote nilidhani ile ya pili ni ya dada yake.

Ijumaa niliyokuwa na mapumziko, Ate akaniwekea sinema. Si ile maarufu kuliko zote, Himala ya mwaka 1982, ambamo Nora ni binti wa kijiji anayesema ametokewa na Bikira Maria, na ambamo kile kilio chake mbele ya umati, "Walang himala!", hakuna muujiza, kila Mfilipino anakijua kwa moyo. Aliniwekea ya Flor Contemplacion.

Flor alikuwa mfanyakazi wa ndani Singapore. Alihukumiwa kwa kumuua Mfilipino mwenzake, naye mfanyakazi wa ndani, pamoja na mtoto aliyekuwa akilelewa na huyo mwenzake. Alinyongwa tarehe 17 Machi 1995. Ufilipino nzima iliwaka moto, kwa sababu wengi waliamini hakutendewa haki na kwamba serikali yao haikumpigania. Waziri wa mambo ya nje akajiuzulu, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko nje. Kaburi halijakauka, mwaka huohuo sinema ikatoka, Nora ndiye Flor, na tamasha la filamu la Cairo likampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike.

Ate aliiona kwenye ukumbi wa sinema mjini kwao, akiwa na mama yake. Anasema watu walilia mpaka maneno ya kwenye sinema hayakusikika. Mwaka uliofuata mama yuleyule akauza nguruwe wawili kumlipia Ate ada ya wakala, akaenda Kuwait kufanya kazi za ndani.

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Lakini nguruwe walikuwa wameshauzwa."

Tuliitazama kwenye simu, Ate akinitafsiria kwa lugha yetu ya chumbani, Kiingereza kilichovunjika na vipande vya Kiarabu. Nora hapigi kelele. Anaigiza kwa macho tu. Kuna mahali wanawe wanakuja kumuona gerezani, na mwenzangu wa Mombasa, ambaye kwa kawaida hana machozi hata ukimkatia vitunguu, alifunga pazia la kitanda chake akakaa kimya. Sisi nasi tunazo hadithi za dada zetu waliorudishwa kwenye majeneza kutoka nchi hizi hizi. Sijaona bado mwigizaji wa kwetu aliyevaa maisha ya mmoja wao namna ile, na ningependa kumuona kabla sijarudi nyumbani.

Kilichomuuma Ate zaidi ni heshima iliyochelewa. Mwaka 2014 Nora alipendekezwa kuwa Msanii wa Taifa, cheo kikubwa kabisa cha sanaa kwao, rais wa wakati huo akamwacha kwa sababu ya kesi ya dawa za kulevya aliyoipata Marekani mwaka 2005. Alikipata 2022. Miaka mitatu baadaye, akiwa na miaka 71, akafariki. Tarehe 22 Aprili alizikwa kwenye makaburi ya mashujaa huko Taguig, na sisi tukiwa kazini tulikunja taulo huku simu ya mtu iko ndani ya kikapu cha nguo chafu, ikionyesha mazishi. Msimamizi alipita mara mbili. Sijui kama hakuona au alijifanya haoni.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wa marehemu wa watu. Dereva wa basi letu la kazini, Kuya, yaani kaka mkubwa, ana picha ya Fernando Poe Jr. juu ya usukani. Da King, wanamwita. Huyu aliigiza mtetezi wa wanyonge maisha yake yote, na mwaka 1980 alikuwa Panday, mhunzi anayefua upanga kutokana na kimondo. Nikamwambia Kuya kwetu tuna kimondo kizima Mbozi na hakuna aliyefua hata kisu. Hakucheka. Kwa Poe hacheki. Mei 2004 Poe aligombea urais akashindwa na Gloria Macapagal Arroyo, na Desemba 14 mwaka huohuo akafa kwa kiharusi, miaka 65. Wafuasi wake hawajakubali matokeo mpaka leo. Arroyo alipomtangaza Msanii wa Taifa mwaka 2006, familia ilikataa kupokea kutoka mkononi mwake. Walisubiri rais mwingine, wakapokea 2012. Kuya anaisimulia hiyo kama ushindi wa uchaguzi.

Halafu kuna Eddie Garcia, mzee wa miaka 90, aliyejikwaa kwenye waya akiwa kazini kurekodi tamthilia Juni 2019, shingo ikavunjika, akafa baada ya siku kumi na mbili. Mwaka 2024 ikatungwa sheria yenye jina lake kuhusu saa za kazi na usalama wa watu wa filamu na televisheni. Nikipita nyuma ya mashine zetu na zile nyaya zilizolala sakafuni, huwa namkumbuka.

Jambo moja nililigundua mwenyewe, na Ate alipigwa na butwaa nilipomwambia. Nora alikufa Jumatano ya Wiki Takatifu. Rico Yan, kijana wao mzuri wa sinema za mapenzi, alikufa usingizini Palawan Ijumaa Kuu ya 2002, ana miaka 27 tu, sinema yake ya mwisho ina mwezi mmoja tangu itoke. Na Kanumba wetu, mwigizaji wa sinema za Bongo? Tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, miaka 28. Nikamwonyesha umati uliomuaga pale Leaders Club, Dar es Salaam. Akautazama muda mrefu, akasema, "Na ninyi mnafanya hivi?"

Tunafanya, Ate.

Wa kwao ninayempenda mimi ni Dolphy, mfalme wa vichekesho, aliyekufa Julai 2012 ana miaka 83 na watoto 18. Walipomsukuma agombee uongozi alijibu kwamba kugombea ni rahisi, je akishinda? Mtu wa Tanga akisikia hivyo anamkumbuka nani kama si Mzee Majuto, mchekeshaji wetu? Nilikuwa hapahapa Dubai Agosti 2018 alipofariki Muhimbili. Mazishi yake yalifanyika kwetu Tanga, nami niliyaona kwenye simu ndani ya choo cha kazini, maana ndipo palikuwa na mtandao mzuri.

Novemba wenzangu hukumbuka wafu wao. Chumbani mishumaa hairuhusiwi, kengele ya moto italia, kwa hiyo Ate hununua ya betri, akapanga picha kwenye meza ya kupigia pasi. Mwaka jana Nora alikuwa katikati. Ate akachukua karatasi ya majina ya kuombewa, akaniuliza yule babu wangu wa vichekesho aliitwa nani hasa.

"Amri Athuman. Lakini Ate, alikuwa Mwislamu, kama mimi."

"Alikuwa anachekesha?"

"Sana."

Akaandika. Aliweka th mbili, nikamrekebisha, kisha nikasoma Fatiha yangu pembeni huku wao wakianza rozari.