Mililita nane na kumi na mbili

Jana jioni binti yangu, ambaye wiki hii ameanza mafunzo ya ukunga katika wodi ya wazazi, aliniuliza huku akipiga pasi sare yake: "Mama, hivi wale wa famasia wanakuja wodini kufanya nini? Wanasimama tu ukutani." Nilimjibu kwa kifupi, akaenda kulala. Mimi nikabaki na yule msichana wa famasia wa zoezi la kifafa cha mimba.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kuwafundisha pamoja wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia na maabara. Wengi walidhani inatosha kuwajaza ukumbi mmoja wasikilize mhadhara mmoja. Haitoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unataka wajifunze pamoja, wajifunze kutoka kwa wenzao, tena wajifunze kuhusu kazi za wenzao. Ukumbini unapata hilo la kwanza tu. Kwa hiyo tuliandika kisa ambacho hakuna fani inayoweza kukimaliza peke yake. Mama, ambaye kwetu ni mwanasesere, ana mimba ya wiki 36, presha 170/110, mpira wa mkojo umeshawekwa, kifafa kimemshika sasa hivi. Kila mwanafunzi alipewa kadi yake. Wa udaktari alikuwa na historia na presha, wa maabara idadi ya chembe sahani, zile za kugandisha damu, ambayo ilikuwa 90,000, wa uuguzi kipimo cha mkojo wa saa nne zinazofuata dozi ya kwanza ya magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa hicho, na wa famasia orodha ya dawa zilizomo kwenye trei. Kadi haionyeshwi kwa mtu. Kilichomo kinatoka kwa kusema au kwa kuulizwa.

"Magnesiamu gramu nne, mshipani, haraka," aliagiza wa udaktari.

Wa uuguzi alivunja ampuli, akavuta dawa yote. Bomba lilijaa mililita 10. Msichana wa famasia alikuwa upande wa pili wa trei, lebo ikimwangalia: asilimia 50. Nilimwona akilitazama bomba, akamtazama aliyeagiza, akanitazama mimi niliyeshika saa. Kanuni yetu ni kwamba mwalimu haingilii mpaka bomba liguse kanula, ule mrija mdogo wa mshipani. Alifungua mdomo, akaufunga. Ndani ya bomba lile mlikuwa na gramu 5 badala ya 4, tena kwa asilimia 50 wakati dawa ya mshipani inatakiwa isizidi asilimia 20. Kwa mama wa kweli, ikisukumwa vile kwa haraka, pumzi inaweza kusimama.

"Sista, subiri kidogo." Hakuna aliyesikia. Akasema tena, na safari hii akaifunika kanula ya mwanasesere kwa kiganja. "Hiyo ni asilimia hamsini. Bakiza mililita nane, vuta maji ya sindano kumi na mbili kwenye bomba la ishirini. Hapo ndipo unapata gramu nne kwa asilimia ishirini. Sukuma polepole, dakika tano."

Wa udaktari alimgeukia, akarudia kila tarakimu kwa sauti: nane, kumi na mbili, dakika tano. Kurudia huko ndiko tulikokuwa tumewafundisha asubuhi, na kumbe ilibidi mtu mwingine aanze kusema ndipo kupate kazi.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Gramu 5 kila tako, pamoja na mililita 1 ya lidokeini ya asilimia 2 kwenye bomba hilohilo. Tukaruka saa nne mbele. Dozi ya pili ilipoagizwa, wa uuguzi alisoma kadi yake bila kuulizwa: mkojo mililita 80. Kinachotakiwa ni angalau 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa nne, la sivyo magnesiamu inajikusanya mwilini. Dozi ikasimamishwa, pumzi zikahesabiwa kuona kama zinafika 16 kwa dakika, goti likagongwa kuona kama mguu unaruka, kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuizimua magnesiamu ikizidi, ikawekwa karibu. Kadi ya maabara ilibaki mfukoni mpaka kengele ikalia.

Zoezi ni dakika 20, mazungumzo ni 40, na anayeanza kusema ni yule aliyesema kidogo kuliko wote. Wa maabara alisema hakuna aliyemuuliza, naye hakujua kama anaruhusiwa. Msichana wa famasia akasema: "Hesabu niliijua tangu ampuli ilipovunjwa. Sikujua nimwambie nani."

Aliyeagiza, au aliyeshika bomba? Tangu siku ile fomu yetu ya maagizo ya magnesiamu ina nafasi nne, gramu, asilimia, mililita na dakika, na ninaisimamia kwa nguvu zote. Inasaidia hata usiku, wakati wodi nyingi hazina mfamasia. Lakini swali lake fomu haikulijibu. Mimi naona aambiwe aliyeshika bomba, kwa sababu mkono wake ndio unaoweza kusimama papo hapo. Mwenzangu anayefundisha udaktari anasema aambiwe aliyeagiza, la sivyo agizo lilelile litamfikia mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Kila tunapokiandika upya kisa hiki, mstari huo tunauacha wazi.