Flashi na barua pepe: nilivyopata kazi ya kunukuu sauti

Presha ya macho ilinimalizia uoni nikiwa na miaka 11, darasa la nne, nyumbani kwetu Korogwe. Sitakaa sana hapo. Hilo ndilo ninaloulizwa kila siku kwenye daladala, na wanaouliza wakishajibiwa huwa hawana swali la pili. Ninachotaka kueleza ni habari ya kazi: nilivyoipata, na muda niliopoteza kabla sijajua cha kufanya. Naandika nikiwafikiria vijana wenzangu wasioona ambao sasa hivi wana vyeti mkononi na wanazungushwa kutoka ofisi hii hadi ile.

Nilihamishiwa shule ya bweni na huko nikaanza kusoma upya kwa vidole. Nukta nundu ina nukta 6 tu, mistari miwili ya nukta tatu tatu, na herufi zote zinatoka humo. Kabla ya kuruhusiwa kugusa mashine ya Perkins, yaani taipureta ya nukta nundu, tuliandika kwa kibao cha chuma na msumari mfupi, unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto kwa sababu karatasi ukishaigeuza ndipo nundu zinajitokeza na kusomeka. Wiki za mwanzo ncha ya kidole changu cha shahada ilikuwa inawaka moto. Mwalimu wetu, ambaye naye haoni, alisema tusikandamize, tupapase kama unavyopapasa unga kuangalia kama una chenga. Nilipolegeza mkono nikaanza kusoma. Mpaka leo nashukuru nilijifunza nukta nundu kabla ya kompyuta. Tahajia yangu ilijengwa pale, na kazi ninayofanya sasa inategemea tahajia.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiko nilikokutana na ukuta mwingine. Vitini vilikuwa vingi na vilitoka leo kwa mjadala wa kesho. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu, asiyeona pia, akaniita chumbani kwake na kunionyesha NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana wa Australia, Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, na mwenzake James Teh naye haoni. Wanaigawa bure. Kwa mtoto wa mama muuza machungwa neno hilo "bure" ndilo lililofungua mlango, maana programu nyingine ya namna hiyo bei yake ingemeza hela yangu ya kujikimu ya muda mrefu.

Kaka yule alinipa na kitu kingine ambacho sikukijua thamani yake siku ile: flashi yenye nakala ya NVDA inayobebeka. Nakala hiyo haihitaji kusakinishwa. Unachomeka flashi kwenye kompyuta yoyote ya Windows, unaifungua, kompyuta inaanza kuongea. Ukitoa flashi, kompyuta inabaki kama ulivyoikuta.

Kilichonisumbua zaidi chuoni ni PDF zilizoskaniwa. Mtu mwenye macho anaona maandishi, programu inakuta picha na inanyamaza. Nilijifunza kuwafuata wahadhiri wiki ya kwanza ya muhula kuomba nakala tepe, yaani faili lenyewe walilochapia. Wengi walinipa, tena kwa moyo. Nilichogundua ni kwamba walikuwa hawajui kuna tofauti kati ya faili hili na lile. Sikuwa nimewaeleza.

Baada ya kuhitimu nilijitolea kwenye ofisi moja jijini. Sitaitaja. Nilikaa mapokezi miezi minne. Simu zilipokelewa na dada aliyekaa pembeni yangu, kompyuta sikupewa. Wakija wageni tulipigwa picha, kisha narudi kwenye kiti. Nauli ilitoka kwa mama. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu najua wenzangu walioko kwenye viti vya namna hiyo leo, na wanaambiwa wavumilie wanapata uzoefu. Uzoefu wa nini? Siku niliyoulizwa kwenye usaili "ulikuwa unafanya nini pale?" sikuwa na jibu hata la sentensi moja.

Usaili wenyewe ulikuwa wa kazi ya huduma kwa wateja. Nilikwenda na flashi yangu mfukoni, nikijua nimejipanga. Tukawekwa kwenye kompyuta kufanya jaribio. Nikapapasa tundu, nikachomeka, kimya. Kijana wa kompyuta akaja akasema kwa upole, "Kaka, hapa flashi zimefungwa, ni kwa ajili ya virusi." Hakuwa na kosa, wengi hufunga hivyo. Wenzangu waliandika, mimi nikasikiliza kibodi zao kwa dakika arobaini. Tukaambiwa tutapigiwa simu.

Niliporudi sikutaka kukaa nyumbani. Nikaenda shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi wasioona, nikamwamkia mwalimu mkuu na kumwambia naweza kufundisha kompyuta siku mbili kwa wiki, saa tatu hadi saa sita, kwa miezi sita, na mwishoni naomba barua inayosema nilifundisha nini na nani. Nilitamka hayo yote kabla sijakaa. Akakubali. Walikuwa na kompyuta tatu zilizofunikwa kitambaa.

Pale ndipo nilipojifunza kitu ambacho chuo hakikunipa. Watoto walishika haraka, kazi kubwa ilikuwa kwa walimu wanaoona. Mwalimu mmoja mama mtu mzima alizoea kusogeza kipanya na kumwambia mtoto "bonyeza hapo." Hapo wapi? Nikamwomba azime skrini tufanye wote. Mwanzo kompyuta ilisoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, maneno yakatoka yamevunjika vunjika, mama akasema hii haifai. Nikaingia kwenye mipangilio nikachagua sauti ya Kiswahili. Ni sauti kavu ya mashine, ila inatamka silabi zote. Akasikiliza aya nzima ya hadithi ya darasa la tatu, kisha akaniuliza taratibu, "Kumbe mnaisikia hivi?" Tangu siku hiyo alianza kusema "bonyeza Tab mara mbili."

Kwa miezi sita nilieleza jambo hilohilo kwa watu tofauti hadi nikapata maneno mafupi yasiyomtisha mtu. Maneno hayo ndiyo yaliyonipatia kazi.

Lilipotoka tangazo la kampuni inayonukuu mahojiano ya watafiti, kusikiliza sauti na kuiandika neno kwa neno, niliomba kama wengine. Nilipoitwa kwenye usaili, siku hiyohiyo nilituma barua pepe hii:

"Ndugu, nashukuru kwa mwaliko. Mimi ni asiyeona na natumia kompyuta kwa programu ya NVDA, ambayo ni ya bure. Naomba mtu wenu wa kompyuta aisakinishe kwenye mashine moja kabla ya siku ya usaili, haichukui muda mrefu. Kama flashi zinaruhusiwa, nitakuja na nakala yangu. Hedifoni ninayo. Jaribio likiwa la karatasi, naomba lije kama faili la Word. Nitafika nusu saa mapema kuhakikisha kila kitu kinafanya kazi."

Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Naijua, na kila kijana wetu aijue. Kwenye barua ile sikuigusa. Niliona mtu aliye tayari kusikia asianze kwa kutajiwa sheria; ningeitaja kama wangenikatalia.

Siku tatu baadaye wakajibu kuwa imeshasakinishwa.

Jaribio lilikuwa sauti ya dakika 8, mkulima wa korosho akieleza bei za msimu, na muda ulikuwa saa moja. Kwanza nilibonyeza Insert na 2 ili programu isitamke kila herufi ninayochapa, maana ingemfunika mzee wa watu. Nikawa nasikiliza kipande, nasimamisha, nachapa, nasonga. Mkulima alisema "stakabadhi ghalani" haraka sana, nikarudia mara tatu nikalipata. Nilimaliza zimebaki dakika kumi na moja, nikazitumia kusoma kazi yote tangu mwanzo. Dada wa rasilimali watu aliniuliza nilijitolea wapi. Safari hii nilikuwa na barua ya mwalimu mkuu, na nilikuwa na la kusema.

Mkataba ulipokuja ulikuwa PDF iliyoskaniwa. Picha tupu. Nikashawishika kumwomba jirani anisomee nisaini yaishe, kwa sababu niliogopa kuonekana msumbufu kabla hata ya kuanza. Nikaandika tena: naomba faili la Word, nisome mwenyewe. Ilichukua siku tisa, na sikulala vizuri siku hizo zote. Lilipofika nililisoma mara mbili, nikakuta kipengele cha muda wa majaribio hakina urefu uliotajwa. Nikauliza. Wakaandika miezi mitatu.

Nilisaini ofisini kwao asubuhi ya Jumatatu. Dada yule aliweka kidole changu kwenye mstari. Nikatoa kitambulisho cha taifa mfukoni, nikakilaza ukingo wake sawasawa na mstari, na nikaandika jina langu juu yake.