Kufuata Ua la Mbuyu Dodoma

Kazi yangu ni batiki. Kwa miaka 11 nimekuwa nikichora maua kwa nta kwenye kitambaa, na ukifungua kabati langu la vielelezo utakuta mawaridi, yungiyungi, asumini, na yale maua mekundu ya mkrismasi yanayowaka Dar es Salaam kila mwisho wa mwaka. Ua la mbuyu hukuti. Mbuyu wenyewe nimeuchora mpaka mkono umezoea: shina nene, matawi kama mizizi iliyoelekea mbinguni, jua jekundu nyuma yake. Unauzika sana. Lakini siku moja mteja wangu, mama wa Kigogo anayeishi Kimara, alishika kitambaa, akakiangalia kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, mbona mibuyu yako haichanui?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuliona ua lake. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba huchanua mvua zinapokaribia, tena usiku. Mwishoni mwa Novemba nikafunga daftari, penseli na tochi, nikaenda Dodoma.

Treni ya SGR inakimbia sana kwa mtu anayetaka kutazama miti. Mpaka Morogoro ni kijani. Ukishapita Kilosa unaingia mahandaki, na kila ukitoka gizani nchi imepauka zaidi ya ulivyoiacha. Kisha udongo mwekundu, vichaka vya miiba, na mibuyu imesimama mmoja hapa, mwingine kule, kila mmoja na nafasi yake. Mingi ilikuwa haina jani hata moja. Kijana aliyekaa mbele yangu alisema huku hakuna kitu, ni ukame mtupu. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo, na nimesafiri njia hii si chini ya mara tano.

Mjini nilianzia soko la Majengo. Nakushauri nawe uanzie sokoni, kwa sababu hapo ndipo unapoona kwamba "hakuna kitu" ni maneno ya mtu asiyepika. Akina mama wamepanga mafungu: ubuyu ambao bado una unga wake mweupe, ukwaju, karanga, uwele, majani ya kunde yaliyokaushwa, na mlenda mkavu uliotwangwa ukawa kama vumbi la kijani. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo ni miezi ya jua. Mboga inachumwa wakati inapoota na kuliwa wakati haipo. Wagogo wamelifanya jua kuwa ghala lao. Mama mmoja alinipimia mlenda kwa kopo, akaongeza kiganja cha nyongeza, akaniambia, "Huu umekaa tangu Machi, na utamu wake haujaondoka."

Pale mjini nilianza pia kutazama kuta. Zabibu ziko kila mahali: vishada vimechorwa kwenye mabango, kwenye mageti ya nyumba za wageni, kwenye vibao vya maduka. Sishangai. Zao hili linavunwa mara mbili kwa mwaka huku, na watu wamejenga nyumba kwalo. Ila mzabibu ni mgeni, uliletwa karne iliyopita, na wamisionari wa Bihawana wana sehemu yao katika habari hiyo. Mbuyu umekuwepo kabla ya mji wenyewe. Nilitembea mchana mzima nikitafuta ua lake kwenye ukuta wowote, na sikuliona.

Kesho yake nikapanda basi kuelekea Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kaskazini, mpaka Kolo. Michoro ya miambani ya huko iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951. Nilipanda mlima na mwongozaji, jua likiwa kali, nikasimama chini ya mwamba wa Mongomi. Warangi bado wanapanda hapo kutambika, kwa hiyo unasogea kwa adabu. Kuna twiga, kuna tembo, kuna watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya duara, vyote kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma. Mstari wa mgongo wa mnyama mmoja umevutwa kwa mkupuo mmoja bila kusita, na mimi ninayeshika brashi kila siku najua ugumu wa mstari ule. Nilitafuta jani, nikatafuta ua. Pale niliposimama sikuona hata moja. Watu walioishi kwa mizizi, matunda, asali na mawindo waliweka mwambani wanyama na binadamu. Nilishuka nikijisikia kama mtu aliyepewa kazi iliyoachwa.

Siku ya tatu ndiyo iliyonipeleka nilikokuwa nakwenda. Rafiki yangu niliyesoma naye ana bibi yake katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino. Tulipofika nikampigia goti, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Hapa tunaanza hivi: mbukwa." Nikajibu mbukwa. Akacheka, akanionyesha kigoda.

Watoto wake wamemjengea nyumba ya matofali na bati, lakini tembe lake la zamani amekataa kulibomoa, ndimo anamopikia. Nilikuwa nimewahi kuliona tembe Dar es Salaam, kwenye Kijiji cha Makumbusho, ila pale nililipita kama mtu anayepita kwenye maonyesho. Hapa niliinama mlangoni, nikakaa ndani, macho yakazoea giza, nikaanza kuona jinsi lilivyoshikana. Nguzo zote zina panda. Mjenzi hakukata mti wowote ulio karibu. Alizunguka porini mpaka akapata ule uliojigawa mara mbili kwa kiwango anachotaka, akaukata juu kidogo ya mgawanyiko, akausimika, na boriti ikalala katikati ya vidole viwili. Hakuna msumari. Kiungo kilishachongwa na mti wenyewe ulipokuwa hai. Juu ya boriti zimelazwa fito, juu ya fito nyasi, juu ya nyasi udongo, paa likawa bapa kama meza. Kamba za zamani kwenye fito zilikuwa za gome la mbuyu. Bibi alinipa kipande nikipinde. Hakikukatika. Gome la mbuyu ukilichuna, mti hufunika jeraha na kuotesha jingine.

Nimewahi kuona kitabuni picha za kanisa la Sagrada Família kule Barcelona, lile ambalo Antoni Gaudí alilipa nguzo zinazotawanyika juu kama matawi, na watu wanasafiri kutoka kila nchi kwenda kulitazama. Wana haki, ni zuri mno. Lakini ndani ya jiko la bibi nilikuwa nimekaa chini ya fikra hiyohiyo, ikiwa imepakwa masizi.

Na lile paa bapa si paa tu. Ndiko unakoanikwa mtama, ndiko unakoanikwa mlenda. Bibi alipopika jioni ile nilijua mboga ninayokula ilikauka juu ya kichwa changu. Maji yalipochemka alitia chumvi na magadi kidogo sana, ncha ya kijiko, kisha akanyunyiza mlenda huku akipekecha kwa upekecho katikati ya viganja viwili. Rangi ilibadilika mbele yangu: vumbi lile lililopauka likarudi kuwa kijani kibichi, kijani cha Machi. Akaongeza karanga zilizopondwa. Mlenda ukawa mzito, ukaanza kuvuta nyuzi, bibi akainua upekecho juu kutazama uzi unaning'inia mpaka wapi. Ulipofika nusu dhiraa bila kukatika, akaepua. Ugali ulikuwa wa uwele, wa kijivu, wenye harufu ya shamba. Kuna namna ya kula: unamega tonge, unachota, unazungusha mkono mara moja kuukata uzi, ndipo unapeleka mdomoni. Nilifundishwa na mjukuu wa miaka sita kwa uvumilivu mkubwa.

Baada ya chakula mzee jirani alikuja na zeze. Kisanduku chake cha sauti ni kibuyu kilichowambwa ngozi. Lugha yetu imeona ukoo kati ya buyu na kibuyu, ingawa kibuyu kinatokana na mmea unaotambaa na buyu linatokana na mti mkubwa kuliko nyumba. Mzee alinieleza kwamba tunda likiachwa likue chini linakaa tako, likining'inizwa linarefuka, kwa hiyo anayetengeneza zeze au kata ya kunywea maji anaanza kazi yake shambani, tunda likiwa bado changa. Alipiga wimbo mmoja tu. Huku ndiko alikotoka Hukwe Zawose, mzaliwa wa 1938, aliyefikisha zeze na ilimba za Wagogo, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, na pale gizani, na kibuyu kile kikilia taratibu, nilielewa kwa nini dunia ilinyamaza kumsikiliza.

Lakini ua bado. Jioni ile ya kwanza tulikuwa tumekaa chini ya mbuyu wa karibu na nyumba mpaka giza likaingia, na machipukizi hayakufunguka. Yalining'inia tu, ya duara, ya kijani, kila moja kwenye kikonyo kirefu. Nilivunjika moyo kidogo. Bibi alisema mibuyu haifanyi mambo kwa pamoja, kila mmoja una siku zake, na kesho twende kwenye ule wa nyuma ya shule.

Kesho yake saa kumi na mbili jioni tulikuwa hapo. Mbuyu huu ulikuwa umeanza kutoa majani machanga, vijani vitano vitano kwenye kikonyo kimoja kama kiganja kilichofunguliwa. Jua lilipozama nilichagua chipukizi moja kwenye tawi la chini, sikuliondolea macho. Kwanza ganda la kijani lilipasuka kwa mistari, likaanza kujikunja kurudi nyuma, na upande wake wa ndani ulikuwa laini kama mahameli. Kisha petali zikajitokeza, tano, nyeupe, zimekunjamana. Zilikuwa zimekunjamana kama kitambaa cha batiki kinapotolewa kwenye maji ya moto baada ya kuyeyusha nta, yale makunyanzi madogo ambayo hakuna pasi inayoyamaliza. Katikati pakashuka kishungi cha nyuzi mamia, duara kama bonge la pamba, na kutoka humo uzi mmoja mrefu ukajitokeza kuliko wote. Ua lilipokamilika lilikuwa kubwa kuliko kiganja changu.

Harufu yake si marashi. Ni nzito, kama kitu kilichoanza kuchacha. Rafiki yangu aliziba pua. Harufu ile haikutengenezwa kwa ajili yetu. Tulizima tochi, na haikupita muda tukasikia mabawa. Popo alikuja mara moja, akashika ua, akaingiza uso ndani ya kishungi, akaondoka kabla sijavuta pumzi. Ua likabaki linayumba. Akaja mwingine. Mti mzima juu yetu ulikuwa na nuktanukta nyeupe gizani, na kila mara moja ilitikisika.

Nilichora kwa mwanga hafifu mpaka vidole vikachoka. Alfajiri nikarudi peke yangu. Petali zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, maua mengine yameshaanguka, na mbuzi wa jirani walikuwa wanayala moja baada ya jingine. Usiku mmoja tu, basi.

Bibi alikuwa anachambua uwele nilipompelekea daftari. Alifuta mikono kwenye khanga, akalishika, akatazama mchoro wangu bora, ule niliouchora kwa uangalifu wote: petali zimefunguka juu, kishungi kimesimama katikati, kikonyo chini. Alinyamaza kidogo. Kisha akaligeuza daftari, juu likawa chini.

"Mjukuu wangu," alisema, "ua la mbuyu linaangalia chini."

Nililiona usiku kucha likining'inia, na mkono wangu ukalisimamisha, kwa sababu mkono uliozoea waridi unajua ua linasimama. Nilikaa naye pale kigodani nikachora upya, yeye akinielekeza kwa kidole kikonyo kianzie wapi.

Sasa kitambaa kiko mezani kwangu Dar es Salaam. Kwenye batiki, rangi nyeupe haipakwi, inalindwa: nta inawekwa kwanza, kabla ya rangi yoyote, na ukishachovya hutaweza kuirudisha. Nimeanza na petali. Zinaning'inia kutoka pindo la juu, maua saba, na rangi ya usiku itaingia kesho.