Hela ya umeme

Jana usiku hapa Mabatini, Mwanza, nimerudia sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Shameless, ile ya Marekani iliyoanza 2011. Familia ya Gallagher, Chicago: watoto sita, mama kaondoka, baba Frank analetwa na polisi kalewa chakari. Asubuhi Fiona, dada mkubwa, anawachangisha wadogo zake hela ya umeme.

Hapo nikalia. Dada yangu alikuwa anaanika dagaa Igombe. Jioni anamwaga sarafu kwenye sinia, zinanuka samaki, tunahesabu kama LUKU, umeme wa kulipia kabla, itapatikana. Alikuwa na miaka 17! Wengi wanamcheka mlevi, mimi macho yote kwa Fiona.

Saa tano usiku nikampigia. Shikamoo dada. Akauliza, "Kuna mgonjwa?" Nikamwambia hapana, nakushukuru tu.