Ufunguo uliofungiwa ndani ya diski nyingine

Seva yangu ilizima Jumanne usiku, haikuwaka tena. Feni inazunguka, taa inawaka, kioo kitupu. Ubao mama ulikuwa umekufa. Diski zake mbili zilikuwa nzima, zote nilizisimba kwa LUKS, njia ya Linux ya kuifunga diski kwa nenosiri au ufunguo: ndogo ya mfumo, kubwa ya data. Ndani ya ile kubwa mna rekodi 41 za sauti ya mama, nilizozichukua mwaka wake wa mwisho. Nakala yangu nyingine iliishia rekodi ya 26.

Nikaichomoa ile kubwa, nikaiunganisha kwenye kompyuta mpakato kwa waya wa kugeuza SATA, kiunganishi cha diski, kuwa USB. Amri ya lsblk -f, inayoorodhesha diski na yaliyomo, ikaonyesha crypto_LUKS, yaani diski bado inatambulikana, nikashusha pumzi. Nikaandika nenosiri ninaloliandika kila ninapoiwasha seva. Likakataliwa. Nikaliandika tena, herufi moja moja. Likakataliwa.

Nilikaa pale muda mrefu nikiitazama ile diski. Kisha nikakumbuka: nenosiri lile hufungua diski ya mfumo tu. Diski ya data ilikuwa ikifunguka yenyewe, kwa faili la ufunguo lililomo /root, folda ya msimamizi kwenye diski ya mfumo, kama nilivyoagiza kwenye /etc/crypttab, orodha ya diski za kufunguliwa seva inapowaka, siku naisimika seva. Basi ufunguo wa kubwa ulikuwa ndani ya ndogo, na ndogo nayo imefungwa.

Nikaanza na ndogo. Nenosiri likakubaliwa, baada ya kusubiri kidogo. LUKS2, toleo jipya la LUKS, kwa kawaida hutumia Argon2id, hesabu ya kugeuza nenosiri kuwa ufunguo, inayokula kumbukumbu kwa makusudi, hata kufikia gigabaiti 1, ili anayekisia manenosiri apate tabu. Ukichukua kompyuta kuukuu yenye RAM ndogo, ufunguaji unaweza kushindikana hata kama nenosiri ni sahihi. Nikalipata faili, kisha:

cryptsetup open --readonly --key-file ufunguo.bin /dev/sdb1 data
mount -o ro,noload /dev/mapper/data /mnt

Hayo maneno ya kusoma tu, --readonly na ro,noload, usiyaruke, nakusihi. Seva ilizima ghafla, na ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski hiyo, ikifunguliwa kwa kawaida huanza kwa kurudia jarida lake, kumbukumbu ya maandishi yasiyokamilika, yaani huandika kwenye diski. Noload huizuia kufanya hivyo. Nakili kwanza, matengenezo baadaye.

Folda ya mama ikakataa kufunguka: ruhusa hakuna. Hilo ni jambo dogo. Linux huandika mmiliki wa faili kwa namba, na namba yangu kwenye seva ilikuwa 1001, huku mpakato unanijua kwa 1000. Nikanakili kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, kisha nikabadilisha umiliki kwenye nakala.

Nilifungua rekodi ya 41. Anauliza kama kile kidude bado kinarekodi. Nikaisikiliza mpaka mwisho.

Zote zilipokwisha kunakiliwa, nikaifungua diski upya kwa kuandika, nikaiongezea nenosiri lake kwa luksAddKey. LUKS2 ina nafasi za funguo hadi 32, LUKS1 ina 8, na mimi nilikuwa nimetumia moja tu. Halafu luksHeaderBackup, kunakili sehemu ya mwanzo wa diski. Nenosiri peke yake halisimbui data: hufungua ufunguo mkuu uliohifadhiwa mwanzoni mwa diski, na sehemu hiyo ikiharibika bila nakala, nenosiri sahihi halikusaidii kitu. Nakala hiyo nimeiweka kwenye flashi mbili, kila moja nyumba yake.